Viatu vya Kwenda Navyo Unguja: Namna ya Kuchagua Jozi Chache Zitakazotosha Likizo Nzima

Mtu anayejiandaa kwenda likizo pwani hufikiria kwanza nguo, kisha tiketi, kisha mahali pa kulala, na viatu huvitia kwenye begi usiku wa mwisho kwa kuangalia tu vinavyoendana na gauni au kaptula. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi, na kila mara nilirudi Dodoma nikiwa na jozi mbili ambazo sikuzigusa, na miguu iliyojaa malengelenge kwa sababu ya jozi ya tatu. Nilipoanza kujiuliza ni ardhi gani nitakayoikanyaga, na kwa saa ngapi, mzigo ulipungua na miguu ikapona. Mwongozo huu unafuata swali hilo. Nimechukua mfano wa safari ya siku tano au sita kisiwani Unguja kwa kuwa ndiko ninakokufahamu, ingawa mengi yatamfaa pia anayekwenda Pemba, Lamu, Diani au Mafia.

Kabla ya kufungua kabati, chukua karatasi uandike mpango wa safari siku kwa siku: siku mbili za Mji Mkongwe, siku tatu za Jambiani, asubuhi moja katika msitu wa Jozani, safari moja ya mashua. Mbele ya kila jambo andika utakachokanyaga, yaani sakafu na mawe ya vichochoroni, mchanga mkavu, mwamba wenye maji, udongo wa msituni, au mbao zilizolowa za chombo. Ukimaliza utaona kwamba shughuli nyingi zinagawana ardhi ileile, na kwamba jozi tatu zilizochaguliwa vizuri zinatosha karibu kila kitu. Jozi ya nne, ikiwapo, iwe na sababu unayoweza kuitaja.

Ardhi inayowashangaza zaidi wageni wa bara ni ile inayojitokeza maji yanapokupwa. Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, bahari huondoka mbali sana, mahali pengine zaidi ya kilomita moja, na kuacha uwanda wa mchanga uliochanganyika na vidimbwi, mawe ya matumbawe, nyasi za bahari na mashamba ya mwani, ambao umelimwa kibiashara kisiwani humo tangu mwaka 1989. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takriban mita 4 wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ilhali wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukadiria mwenyewe: safari inayoangukia karibu na tarehe 1 au tarehe 15 ya mwezi itamkuta bahari ikienda mbali na kurudi kwa nguvu, na saa kadhaa za kila siku hatakuwa na pa kuogelea ila atakuwa na uwanda mpana wa kutembea. Anayefikia Nungwi au Kendwa, kaskazini, hakumbwi sana na jambo hili kwa sababu huko maji hayaendi mbali, na kwa hiyo viatu vya majini anaweza hata kuviacha nyumbani.

Kwa yule wa mashariki, viatu vya majini ndivyo ninavyovipa nafasi ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote kinachovaliwa mguuni. Kwenye uwanda ule kuna maganda ya chaza yaliyobandika juu ya mawe kama vipande vya chupa, kuna vigingi vya mwani vilivyokatika vikabaki vimesimama chini ya maji, na kuna wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi wanaojibanza kwenye nyufa za mwamba. Mwiba wa mnyama huyo ni mwepesi kuvunjika. Ukishaingia kwenye unyayo hukatikia ndani, na kuutoa kipande kwa kipande ni kazi ya jioni nzima. Nimeona familia ikimaliza siku mbili za likizo ikimhudumia mtoto mmoja aliyekimbia pekupeku mara tu alipoteremka kwenye gari.

Kiatu cha kazi hiyo kinatakiwa kiwe na mambo machache. Kwanza kifungwe nyuma ya kisigino, kwa sababu kandambili hunaswa na tope au huchukuliwa na maji hatua ya tatu. Kisha soli yake iwe nene na ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kucha kutoka nje, kidole kilichopo ndani kisisikie. Vile viatu vyepesi vya kitambaa vinavyouzwa kwa ajili ya kuogelea, vyenye soli nyembamba kama karatasi ngumu, vinazuia joto la mchanga na mikwaruzo midogo, lakini mwiba hupenya bila shida. Kiwe pia na matundu ya kutosha ya kutoa maji, la sivyo utatembea na ndoo mbili miguuni. Yeboyebo za plastiki zenye mkanda wa nyuma, zile za bei nafuu ambazo wengi tulizivaa utotoni wakati wa mvua, zinatimiza masharti yote hayo, na kwa maoni yangu zinashinda viatu vingi vya gharama kubwa vilivyobuniwa kwa kusudi hilohilo. Zikague tu sehemu za ndani: plastiki ngumu huwa na mshono wenye makali pembeni, nao mguu uliolowa ukisuguana nao kwa nusu saa huchubuka. Mshono huo unaweza kuusugua kwa msasa mpaka ulainike.

Niongeze ombi moja hapa. Kiatu kigumu kinakulinda wewe, lakini tumbawe lililo hai halina wa kulilinda na uzito wako. Tembea kwenye mchanga na kwenye vijia wanavyopita wenyeji, na uzunguke shamba la mwani badala ya kulikatisha, kwa maana kila kamba unayoikanyaga ni jasho la mtu, mara nyingi mama aliyeinama majini tangu alfajiri.

Mchanga mkavu wa juu, ule usiofikiwa na maji, unahitaji kinga ya aina nyingine. Mchanga mweupe wa Unguja huakisi jua na haupati joto kali kama mchanga mweusi, hata hivyo saa saba mchana, hasa miezi ya kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari, unaunguza vya kutosha kumrudisha mtu mzima kivulini akikimbia. Zaidi ya joto, mahali wanapolala mbwa na paka mchanga unaweza kuwa na mabuu ya minyoo aina ya safura za wanyama hao, ambayo hupenya ngozi ya unyayo na kuacha mchirizi mwekundu unaojipindapinda na kuwasha kwa wiki kadhaa. Mchanga unaooshwa na maji kila siku hauna hatari kubwa ya namna hiyo. Huko tembea pekupeku kwa raha zako. Kutoka chumbani hadi ufukweni, vaa kandambili.

Na hapa ndipo mahali halisi pa kandambili: kutoka chumbani hadi ufukweni, bafuni, dukani hapo jirani, na mlangoni mwa watu. Nazipenda, na sijawahi kusafiri bila jozi moja, lakini nasikitika kuona zikipewa kazi isiyo yake. Mguu ulio ndani ya kandambili hulazimika kuishika kwa vidole kila hatua ili isidondoke, na mtu akizunguka nazo Mji Mkongwe kwa saa nne, misuli ya unyayo na ya shavu la mguu itamuuma usiku. Kwenye bodaboda huanguka, na huviacha vidole wazi mbele ya kila jiwe. Unapozinunua, angalia mambo mawili tu. La kwanza ni gidamu, ule mkanda unaopita kati ya vidole: ivute kwa nguvu dukani, mbele ya muuzaji, uone kama kifundo cha chini kinabaki ndani ya soli. La pili ni soli yenyewe. Soli ya mpira halisi ni nzito zaidi lakini hushika sakafu iliyolowa na hudumu miaka. Soli ya povu jepesi hubebeka kirahisi, ila ikishalika na kuwa laini huteleza, na baadhi ya mapovu hayo husinyaa yakiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, hata ukirudi jioni ukakuta kandambili imekuwa ndogo kwa saizi moja.

Ukishamaliza kuzitumia, usiziache ufukweni. Bahari ya pwani yetu imejaa kandambili zilizokatika, na kule Lamu mafundi waliokuwa na Ali Skanda, mjenzi wa majahazi, walijenga chombo cha urefu wa mita 9 hivi kwa plastiki iliyookotwa, wakakifunika kwa vipande vya kandambili takriban 30,000. Chombo hicho, kinachoitwa Flipflopi, kilishushwa majini mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kila ninapomwona mtu akizika kandambili iliyokatika gidamu mchangani, namkumbusha kwamba fundi viatu angeirudishia gidamu kwa dakika tano.

Sasa tuje kwenye jozi ya kutembelea, ambayo ndiyo itakayobeba uzito wa likizo. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hautazamwi kutoka kwenye gari. Vichochoro vingi havipitishi kitu kikubwa kuliko pikipiki au mkokoteni, na mtu anayekwenda kutoka Forodhani hadi soko la Darajani, kisha Mkunazini na kurudi Shangani akizungukazunguka, hujikuta ametembea nusu siku bila kujua. Sakafu ya vichochoroni ni mchanganyiko wa mawe, saruji na vigae, imelainishwa na nyayo za vizazi, na baada ya mvua ya masika au ya vuli huteleza kama sabuni. Wanaochagua kiatu kwa uzuri wa juu peke yake hujuta hapo. Kigeuze kiatu, tazama soli: iwe na mifereji ya kweli, na usiridhike na michoro iliyochorwa juujuu. Kisha fanya jaribio la nyumbani, mwaga maji kidogo kwenye sakafu ya vigae, simama juu yake ukiwa umeshika ukuta, na ujaribu kuusogeza mguu. Kiatu kikiteleza nyumbani kitateleza pia Hurumzi, mtaa wa Mji Mkongwe.

Jambo jingine linalosahauliwa na wageni ni kwamba pwani ni mahali pa kuvua viatu. Ukialikwa nyumbani utavivua mlangoni. Ukienda msikitini utavivua. Na baadhi ya maduka na ofisi ndogo zina mkeka au zulia, na jozi za viatu zilizopangwa nje zinakuambia bila maneno nini cha kufanya. Mtu aliyevaa raba ndefu zenye kamba za kuzungusha mara tatu, au sandali yenye bizimu nne kila mguu, atakuwa ameinama mlangoni huku wenyeji wake wamesimama wakimsubiri na kumwambia, “Karibu, karibu, usijali.” Kwa sababu hiyo naipendelea sandali yenye mkanda mmoja wa nyuma unaofunguka kwa mkono mmoja, au raba ya kitambaa isiyo na kamba. Wale watakaosali waweke alama ndogo ya uzi au ya rangi chini ya kandambili zao, kwa kuwa za buluu na nyeupe zinafanana misikitini kote, na anayetoka kwanza hubeba zilizo karibu kwa nia njema kabisa.

Kati ya sandali na raba, nitachagua raba kwa mtu ambaye ratiba yake ina Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, wanakoishi kima punju, ina njia ya ardhi yenye mizizi na majani yaliyooza, pamoja na njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na mbu na siafu hawakosekani. Mguu uliofunikwa, tena wenye soksi nyepesi, hutulia zaidi. Asiyekwenda msituni anaweza kuridhika na sandali imara. Raba ikiwa ni ya kitambaa chepesi chenye kupitisha hewa hukauka kwa siku moja. Ikiwa ya ngozi bandia, mguu hujipika ndani yake na harufu humfuata mwenyewe hadi mezani.

Lipo onyo ambalo ningependa kila mnunuzi wa mitumba alichukue kwa uzito. Soli nyingi za raba na za viatu vya kutembea hutengenezwa kwa povu liitwalo poliyurethani, na povu hilo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa pamoja na joto, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu kinaweza kukaa kabatini Ulaya miaka kadhaa, kikaingia kwenye robota, kikafika mnadani kikiwa kinang’aa kama kipya, na soli yake tayari imeshakufa ndani. Niliwahi kununua jozi ya namna hiyo wiki moja kabla ya safari. Siku ya pili ya kutembea, karibu na Darajani, nilisikia kitu laini chini ya mguu, nikatazama nyuma, nikaona nimeacha vipande vyeusi njia nzima kama mkate uliobomoka. Fundi viatu niliyempelekea alikishika, akakikunja mara moja, akanirudishia. “Mama, hiki sitakudanganya,” aliniambia. “Gundi hushika kitu kizima, na soli hii imeshakuwa unga.” Tangu siku hiyo, kila kiatu cha mtumba nakikunja kwa nguvu mara kumi palepale mnadani, nabonyeza ubavu wa soli kwa kucha, na nikiona nyufa ndogo, ulaini wa kunata au unga kwenye kidole, nakiweka chini hata kama bei inanivuta. Kiatu chako mwenyewe kilichokaa kabatini tangu likizo iliyopita nacho kinastahili jaribio hilohilo.

Jozi ya tatu, au ya nne kwa wengine, ni ya jioni, na kuhusu hiyo sina mengi. Likizo ya pwani haidai viatu vya ofisini. Makubadhi ya ngozi, yale ya kipwani yaliyotiwa nakshi, yanampendeza mwanamume aliyevaa kanzu na mwanamke aliyevaa gauni refu, nayo yanapatikana palepale mjini, hivyo huenda ukayanunua huko badala ya kuyabeba. Visigino vyembamba viache. Huzama mchangani na kunasa kati ya mawe. Kama sandali yako ya kutembelea ni ya ngozi na ina heshima yake, itatosha jioni pia, na hivyo ndivyo jozi ya nne inavyotoka kwenye begi.

Kuhusu saizi, kumbuka kwamba mguu huvimba kidogo kwa joto na kwa kukaa muda mrefu kwenye basi au ndege, na anayetoka Njombe au Limuru kwenda pwani atayaona mabadiliko hayo siku ya kwanza. Nunua viatu alasiri, baada ya kutembea, wala si asubuhi. Vijaribu ukiwa umesimama, na pabaki nafasi ya upana wa kidole kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Kisha vivae nyumbani saa moja kila siku kwa wiki mbili. Mahali kiatu kinapokusugua sebuleni ndipo kitakapokutoboa Mji Mkongwe, na sebuleni unaweza bado kukipeleka kwa fundi akakilegeze au akakiongezee kitambaa.

Mgonjwa wa kisukari, au mzee ambaye miguu yake imepungua hisia, asitembee pekupeku popote, hata ndani ya chumba cha hoteli, kwa kuwa anaweza kuungua kwa mchanga au kukanyaga kipande cha ganda bila kusikia. Yeye achague kiatu laini kilichofungwa mbele, akikung’ute kabla ya kukivaa, na kila jioni mtu wa familia amkague nyayo kwa mwanga mzuri. Hili silisemi kwa wepesi. Kidonda kidogo cha mguu wa kisukari kinaweza kuishia hospitalini. Kwa watoto, beba jozi mbili zinazofanana za viatu vya majini, kwa sababu mguu mmoja lazima upotee.

Katika kufungasha, kiatu kizito kuliko vyote kivae safarini. Ndege ndogo zinazokwenda Zanzibar mara nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa abiria, na anayekwenda kwa boti kutoka Dar es Salaam naye atafurahi kuwa na raba mguuni wakati ngazi na sitaha zimelowa. Viatu vilivyobaki vipange soli kwa soli, kisigino cha kimoja kwenye ncha ya kingine, na ndani yake ujaze soksi na nguo ndogo. Usivifunge kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwani imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar na Kenya nako haikubaliki. Mfuko wa kitambaa ulioshonwa kwa kipande cha khanga kuukuu unafanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa maana hupumua, na kiatu chenye unyevu hakioti ukungu.

Ukiwa kule, chumvi ndiyo adui wa kila siku. Kila kiatu kilichoguswa na bahari kisuuzwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, jioni hiyohiyo, kisha kikaushwe kivulini penye upepo. Ngozi iliyolowa maji ya bahari ikianikwa juani hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Ifute, ijaze karatasi, iache usiku kucha, halafu uipake mafuta kidogo, hata ya nazi yatafaa. Usiku wa mwisho fanya usuuzaji huo mapema, saa kumi na mbili jioni hivi, ili kufikia asubuhi ya kuondoka yeboyebo na kandambili ziwe kavu za kuingia mfukoni, na raba, iliyokung’utwa mchanga hadi chini ya bitana, iwe tayari mlangoni kwa ajili ya safari ya bandarini.